Kiti cha Kushoto

Amefariki fundi mmoja wa magari kule Tabora. Wengi wenu hamkumjua, na wale mliomjua nadhani mliuzoea mlio wa gari lake kabla ya kuizoea sura yake. Simu iliingia ofisini Jumanne asubuhi kutoka kwa jirani yake, mzee mmoja muuza vitambaa, sauti ikija na kupotea, nikashika maneno machache tu, "fundi wako" na "jana alasiri", nikaelewa yaliyobaki. Kifua kilimsumbua tangu masika, akakipuuza, na walipomlaza hospitali kilikuwa kimekwisha kumshinda. Huyo jirani ndiye aliyekuwa akimpelekea uji. Alitoka wodini kwenda bombani kusuuza chupa ya chai, aliporudi akakuta mambo yamekwisha, na jioni ile ile wakamzika kama dini inavyotaka. Nilimwuliza mzee kama ndugu wa marehemu wamepata habari. Akasema simu ya maandishi imepelekwa Uingereza, ila hana hakika kama anwani bado ni ile ile. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda treni ya jioni, nikijua wazi kwamba sina ninachokiwahi.

Kwa kawaida safu hii hulalamika. Mmeizoea ikilalamikia foleni ya sukari, mikutano inayoanza wageni wakiwa wamekwisha kusinzia, na makarani ambao chakula chao cha mchana huanza asubuhi. Leo mnivumilie nizungumzie gari, tena gari bovu, na hasa kiti kimoja cha gari hilo.

Nilimfahamu marehemu nilipokuwa kijana, gazeti liliponipeleka Tabora niwe macho na masikio yake kwa nchi yote ya magharibi. Azimio lilikuwa limekwisha kutangazwa, kila mtu alikuwa ndugu, na mimi nilikuwa na mashine ya chapa, baiskeli, na chumba cha kupanga nyuma ya mtaa wa maduka ya Wahindi. Gereji yake ilikuwa uani, ukuta kwa ukuta na kitanda changu. Babu yake alitoka Bara Hindi akaja Tabora na reli, na reli ilipoendelea mbele yeye akabaki. Marehemu alizaliwa pale pale, mwembamba kama ufito, grisi hadi viwikoni, na akipita sokoni aliwaamkia akina mama wa vijijini "mwangaluka" kwa lafudhi ambayo mimi, Mnyamwezi niliyekulia bwenini, nilikuwa nimeanza kuipoteza. Kaka yake alikuwa kinyume chake kabisa: mnene, mwenye duka la misumari na mabati, mtu wa kucheka mpaka mizani ya kaunta inatikisika. Mama yao alikaa ghorofani akiwatawala wote wawili kwa kikohozi tu. Ndugu hawa walikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni magari. Walitamani siku moja washiriki yale mashindano makubwa yaliyokuwa yakizunguka Afrika Mashariki kila Pasaka, mdogo akiendesha na mkubwa akisoma ramani.

Wakanunua gari dogo lililochoka, la aina ile inayovutwa na magurudumu ya mbele. Msomaji asiye na hamu na magari aelewe jambo moja tu hapa. Magari mengi tuliyoyazoea husukumwa kutoka nyuma, kama mtu anavyosukuma toroli. Lile lilivutwa kutoka mbele, kama ng'ombe wanavyovuta mkokoteni. Kwa injini yake ya kiwandani gari kama hilo halina taabu, linapita kwenye matope na mchanga huku malori yamekwama. Lakini wale ndugu waliing'oa injini ile, wakafunga nyingine kubwa iliyotoka kwenye gari lililopinduka njia ya Nzega, wakaipanua silinda, wakaipa kabureta mbili, wakakata eksozi. Hapo gari likaanza kuwa na tabia. Gurudumu linalovuta ndilo hilo hilo linalotakiwa kugeuza, na ukilidai nguvu nyingi mno linasahau kugeuka, unaukata usukani wote na gari linakwenda moja kwa moja kuelekea kwenye mti. Ukikanyaga mafuta ghafla, usukani unakuchomoka mkononi kwenda upande unaoutaka wenyewe. Na ukiingiwa na woga katikati ya kona ukaachia mafuta, mbele panashika njia, nyuma panateleza, gari linageuka kutazama lilikotoka. Nilielezwa haya yote na marehemu, ingawa mimi hata baiskeli niliipanda kwa mashaka.

"Usukani haubanwi," alikuwa akisema. "Ukiubana utakuvunja kidole. Unaushika kama unavyomshika mkono mzee anayejua njia. Unamsaidia tu asijikwae."

Tabia hizo walizipunguza kwa kulipima gari na wao wenyewe wakiwa ndani. Kaka mtu, aliyekaa kushoto, alikuwa na uzito wa watu wawili, kwa hiyo gari lililalia kwake, na gurudumu la kulia, likiwa jepesi, likazunguka bure kwenye changarawe. Mdogo akatengeneza springi ya kushoto ikawa ndefu na ngumu kuliko ya kulia, akafungua na kufunga, akafungua na kufunga, mpaka wakikaa wote wawili gari linalala sawa kama meza. Tangu hapo likawa tulivu, likatii. Lakini likiwa tupu lilisimama limeinua bega la kushoto, wageni wakadhani limegongwa. Na dereva akiwa peke yake lilimhangaisha kila alipokanyaga mafuta, mara linamtoa barabarani, mara linakataa kona. Watu wa mtaani waliona kichekesho kwamba ndugu wawili wametengeneza gari ambalo hakuna mwingine anayeweza kulitumia, na ndugu hao walicheka pamoja nao.

Kisha nyumba zikataifishwa. Sitaufungua mjadala huo hapa. Niliuandikia kwa kalamu hii hii wakati ule, na sehemu kubwa ya niliyoyaandika nayaamini hadi leo, kwa sababu niliwajua pia waliokuwa wakilala barazani mwa nyumba hizo. Lakini nilimjua na mama yule, ambaye alizaa watoto wake wote ndani ya ghorofa lile na asubuhi moja akaamka mpangaji. Kaka mtu akaamua waende Uingereza kwa shangazi yao. Mdogo akasema yeye haendi.

"Huko barabara zote zina lami," alimwambia kaka yake mbele yangu. "Mimi nitafanya nini?"

Kaka mtu hakucheka, na ilitisha kidogo kumwona hacheki. Akasema, "Ukibaki, umebaki. Usingoje niandike." Wakakaa wiki nyingi ndani ya nyumba moja bila kusemezana, hata chumvi mezani wakiombana kupitia kwa mama.

Siku ya safari nilikwenda stesheni kuwaaga. Ilikuwa masika, mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake na kukoma asubuhi. Mama mtu alikuwa amekaa juu ya sanduku la bati, amejifunika shali, anatazama lango. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuyatoa macho langoni. Kisha akanishika mkono.

"Mwanangu, nenda kamwambie aje. Mwambie sitamlaumu, wala kaka yake hatasema neno. Nataka nimwone tu. Mimi huko niendako sirudi, moyo wangu wenyewe umekwisha kuniambia."

Nikakanyaga baiskeli mpaka gereji. Nilimkuta chini ya gari, miguu tu nje, anagonga kitu ambacho nina hakika hakikuhitaji kugongwa. Nikampa ujumbe. Kugonga kukakoma. "Mwambie nimekwisha kumuaga jana," akasema kutoka kule chini. Nikamwambia mama yake amesema harudi. Hapo hapo treni ikapiga honi, ndefu, na ile miguu haikutikisika mpaka mlio ulipokwisha kabisa. Ndipo akatoka, uso umelowa, akajipangusa kwa kitambaa cha grisi akazidi kujichafua.

"Goweko inasimama kupisha treni ya mizigo," akasema. "Panda."

"Mimi wa nini?"

"Uzito. Bila mtu kushoto hatufiki hata Igalula."

Barabara ya Goweko inafuatana na reli, na reli nayo haiendi mbali na njia ya misafara ya zamani, ile aliyoipita babu yangu na mzigo begani kwenda pwani na kurudi. Babu alikuwa akisimulia kwamba pembe kubwa ilibebwa na watu wawili kwa mti, na wapagazi walichaguana kwa kimo na kwa hatua, kwani ukibeba na mtu asiyelingana nawe mtafika mmeumizana mabega. Nilimkumbuka babu siku ile kwa sababu nilikuwa nusu ya kaka mtu, na gari lilijua. Lilitikisa kichwa kila gia ilipobadilishwa, usukani ukachezacheza mikononi mwa marehemu, naye akauacha ucheze, akaurudisha taratibu kwa vidole. Miti ilipita, vijiji vikapita, mbuzi wakaruka pembeni, na baada ya muda tukaiona treni upande wa kulia kupitia vichakani, tukaenda nayo sambamba, tukaiacha nyuma. Nilishangilia. Yeye aliuma mdomo tu.

Kwenye mteremko wa kijito kimoja kulikuwa na kona mbaya, udongo mwekundu unang'aa kwa maji. Tuliingia kwa kasi na gari likaanza kuteleza kuelekea korongoni. Nikapiga kelele apunguze. Yeye akakanyaga mafuta zaidi. Nilifumba macho, nikasikia injini inalia na mbele panavuta, panavuta, na nilipofumbua tulikuwa tunapanda upande wa pili.

"Usiniambie nipunguze nikiwa ndani ya kona," alisema kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mgeni kuhusu adabu za mezani. "Kupunguza ni kabla. Ukishaingia, unavuta mpaka utoke. Ukiachia hapo katikati, mkia ndio unaoshika uongozi."

Baada ya Igalula tukakwama. Mbele palizama kwenye tope hadi boneti, na magurudumu yakabaki kulisaga uji. Wakulima wa tumbaku walikuwa kwenye mabani yao ya kukaushia majani kando ya barabara, wakatuona, wakaja mbio, wanaume kwa wanawake, kwa wema ambao sijapata kuuona mjini. Sasa, kila mtu wa nchi ile anajua gari likikwama masika dawa yake ni nini: uzito nyuma. Madereva wote wa Tabora hutembea na mifuko ya mchanga kwenye buti. Kwa hiyo wale ndugu zetu, bila kuuliza, wakajaza mifuko yao mchanga wakaitupia kwenye buti letu, na wengine wakapanda bampa ya nyuma wakaanza kuruka. Kila walivyozidi kusaidia, mbele palizidi kuinuka na magurudumu yanayovuta yakazidi kuzunguka hewani. Marehemu alitoa kichwa dirishani akawapungia mikono waache. Wakadhani anawashukuru, akaongezeka mtu mwingine.

Tukiwa katika hali hiyo treni ikatupita. Tuliisikia kwanza, halafu tukaiona, mabehewa yale yale, madirisha yamefunguliwa, na ndani ya moja mama yake alikuwa anakwenda zake bila kujua kwamba mwanawe yuko hatua chache kutoka relini, matope mpaka magotini. Sijapata kuuona uso wa mtu mzima ukibadilika vile. Alishuka, akaenda nyuma ya gari, akapiga magoti palepale topeni mbele ya wale watu.

"Jamani, naomba mkae mbele. Mbele. Mama yangu yuko kwenye treni hiyo."

"Mbele si kuna injini?" akauliza mzee mmoja kwa huruma. "Tutaivunja."

"Ivunjeni, baba. Kaeni tu."

Wakatazamana. Kisha wakashusha mchanga, wakaja wakapanda juu ya boneti, wazee kwa vijana, wamebanana, miguu inaning'inia, mama mmoja na jembe lake mkononi. Magurudumu yakakamata. Gari likatoka topeni pole pole na mzigo wake wa watu, nao walipoona linatembea wakaanza kucheka, wakakataa kushuka mpaka tulipofika kwenye udongo mgumu. Nadhani hadithi hiyo bado inasimuliwa kule, ya Mhindi aliyewabeba watu kwenye pua ya gari.

Goweko treni ilikuwa ingali imesimama. Ile ya mizigo ilikuwa imechelewa, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yangu ya uandishi nililishukuru shirika la reli kwa kuchelewa. Marehemu alikimbia kando ya mabehewa akiita "Mama, Mama," mpaka mkono ukatoka dirishani. Aliushika kwa mikono yote miwili, matope na grisi na yote, na yule mama hakuuondoa. Hakulia. Alimtazama tu, kichwa mpaka miguu, kama anayemkagua mtoto kabla ya shule. Nyuma yake alisimama kaka mtu, amenuna. Akalitazama gari lililosimama kando ya stesheni limefunikwa matope, akanitazama mimi, na wiki zote zile za kununiana zikaishia pale.

"Nani alikaa kushoto?" akauliza.

"Huyu mwandishi."

Akanipima kwa macho toka juu hadi chini. "Huyu hatoshi. Muwekee gunia la karanga miguuni mpaka atakaponenepa." Halafu akacheka, kile kicheko chake cha kutikisa mizani, na kabla hakijaisha kikawa kilio.

Honi ya treni ya mizigo ikasikika mbali. Mama akauvuta mkono wa mwanawe karibu zaidi. "Usiendeshe peke yako," akamwambia.

"Siendeshi peke yangu, mama."

"Niahidi."

"Nakuahidi."

Treni ikaondoka. Alibaki amesimama relini mpaka stesheni masta alipomwambia kwa heshima asogee. Akanunua karanga kwa akina mama waliokuwa wakiuza pale, gunia zima na gunia lao, akaliweka miguuni mwangu, tukarudi Tabora. Gari lilitulia njia nzima.

Mama yule alifariki Uingereza katika baridi yake ya kwanza. Baada ya hapo marehemu aliishika ile ahadi kwa namna yake. Hakuliendesha gari lile peke yake hata mara moja. Kabla ya safari alisimama nje ya soko, au kituo cha mabasi, au lango la misheni, akiuliza nani anakwenda wapi, na hakupokea nauli. Masista walipanda, walimu walipanda, mpiga kinanda wa kanisa la Moraviani alipanda na gunia lake la karanga miguuni. Alikuwepo mama mmoja muuza mchele wa Nzega, mtu wa umbo, ambaye marehemu alimwambia waziwazi, "Mama, wewe ukipanda gari linakwenda kama liko juu ya reli," na yule mama akacheka akamjibu kwamba mume wake hajawahi kumsifu hivyo. Watu wote walijua sababu ni springi. Mimi niliyekuwa Goweko nilijua kuna sababu nyingine pia, ila naona hata yeye alipenda kuifikiria ile ya springi zaidi.

Kuna nesi mmoja aliyekuwa akienda Ulyankulu kwenye zahanati ya makazi ya wakimbizi wa Burundi. Kwa kiangazi kizima marehemu akawa na kazi Ulyankulu ambazo hakuna aliyezielewa. Walikwenda na kurudi, walizungumza, alimfundisha kusikiliza injini. Siku moja, yeye mwenyewe alinisimulia, dada yule alimwuliza wakiwa njiani, "Hivi fundi, unanihitaji mimi au unahitaji uzito wangu?" Naye, mtu ambaye hakuwahi kuachia mafuta ndani ya kona, akaachia. Akaanza kumweleza habari za springi ya kushoto. Alimweleza kwa kirefu, kutoka lango la Ulyankulu hadi mjini. Nesi akashukuru kwa lifti, akashuka. Mwaka uliofuata akahamishiwa Nzega, akaolewa huko. Nilimwuliza marehemu kwa nini hakumjibu. Akasema, "Nilidhani ameuliza juu ya gari," na wote wawili tukajua si kweli.

Nilikuwa nikifikiri, treni ikinipeleka Tabora wiki iliyopita kupitia stesheni zile zile, kwamba miaka ile nchi nzima ilikuwa kama gari lile. Tulifunga matumaini makubwa kwenye bodi dogo, na watu wale wale tuliowataka wavute tukawataka pia wageuze, wahame vijiji, walime kwa pamoja, wasome usiku, wahudhurie mikutano. Mara nyingine tulikwenda moja kwa moja kuelekea mtini huku usukani umekatwa wote. Mara nyingine walikuja watu wema na mchanga wao wakautia mahali pasipotakiwa. Sisemi haya kwa kebehi, nilikuwa ndani ya gari hilo na bado nimo. Ninachokiona sasa ni kwamba katika hesabu zetu zote za mavuno na madarasa hatukuwa na mahali pa kumwandika mtu aliyebaki peke yake. Alikuwa na kazi, alikuwa na chumba, alikuwa ndugu kama ndugu wengine wote, ikaonekana hana haja.

Halafu mafuta yakaadimika. Mmeyaona wenyewe, sina haja ya kuwasimulia: kibali cha lita chache, Jumapili mchana magari marufuku, tairi za kutafuta kama dawa. Gari lile lilikuwa na kiu ya magari matatu. Marehemu akalifunika turubai uani, akaendelea kutengeneza pikipiki na mashine za kusaga za watu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuhamishiwa Dar es Salaam. Na hapa ndipo ninapoumia kusema. Gari liliposimama, yule bwana hakuwa tena na neno la kuwaambia watu. Wengine hupita barazani kwa jirani wakakaa, wakaomba chai, wakapoteza jioni. Yeye kwa miaka yote ile alikuwa amejifunza kuomba kwa njia moja tu, kwa kusema "panda", na sasa hapakuwa na cha kupanda.

Mara ya mwisho nilipomwona nilikuwa Tabora kwa kazi ya gazeti. Alifurahi kuliko nilivyostahili. Aliondoa turubai, tukaingia, yeye kulia mimi kushoto, tukakaa uani bila tone la mafuta tukila karanga. Gari lilikuwa linaelemea kwake kidogo. Akainamisha kichwa, akalisikiliza linavyolala.

"Umeongezeka," akaniambia. "Lakini bado."

Nilimwuliza kwa nini asiifungue springi ile akaifunga upya ya mtu mmoja, kazi ambayo kwa mkono wake isingefika jioni. Siku mafuta yakipatikana angeweza kutoka bila kumtafuta mtu.

"Halafu akija mtu," akasema, "atakaa wapi?"

Wiki iliyopita yule mzee muuza vitambaa alinipeleka kaburini kwanza, tukasoma dua, kisha akanipa funguo za uani akarudi dukani kwake. Niliondoa turubai mwenyewe. Kuku alikuwa ametaga chini ya boneti. Gari lilikuwa limesimama vile vile, bega la kushoto limeinuka, na kwenye sakafu mbele ya kiti kulikuwa na gunia la karanga lililokwisha kuliwa na panya. Nililitoa nje. Nikafungua mlango wa kushoto nikaketi. Ofisi na miaka vimeninenepesha, nilisikia springi ikilia, upande wangu ukashuka, ukashuka zaidi, mpaka nikajikuta nimelalia mlango. Alihitajika mtu mmoja tu mwembamba upande wa pili gari likae sawa. Nilinyoosha mkono nikaushika usukani kidogo, bila kuubana, nikamwambia marehemu kwamba sasa natosha. Nililia pale kwa muda, sioni haya kuliandika.

Ndugu wasomaji, miongoni mwenu kuna watu wanaoombwa vitu vidogo: ushike ngazi, uonje mchuzi kama umekolea, usindikize mpaka njia panda. Ni mambo ambayo jiwe au gunia lingeweza kuyafanya vizuri tu. Mtu akisimama kando yako akakwambia hana shida nyingine, anahitaji uzito wako tu, usimwulize habari za springi. Panda.